Darasa la mbalamwezi na darasa la maji mafu: shajara ya mradi, Tanga

Jumatatu, 5 Mei 2025

Leo tumefungua masomo ya nje ya saa za kawaida hapa kwenye chuo chetu cha ufundi. Kwenye andiko la mradi yanaitwa "mafunzo nyumbufu". Mlinzi wetu wa getini, ambaye ndiye anayepokea kila mgeni, anayaita "masomo ya kujinafasi", na nahisi jina lake litadumu kuliko letu.

Wazo lenyewe jepesi. Karakana zinafungwa saa 9:30 alasiri. Kuanzia hapo mashine za kuchomelea, vyerehani na mbao za mazoezi ya umeme vinalala hadi asubuhi, huku watu wanaokuja kuulizia nafasi wanageuza kwa sababu ile ile: hawawezi kuacha kazi wakakaa darasani kutwa mwaka mzima. Basi tumetenga nafasi tatu. Jioni, saa 11 hadi saa 2 usiku, siku nne kwa wiki. Jumamosi kutwa. Na siku moja ya katikati ya wiki kwa wale ambao waajiri wao watakubali kuwaachia. Hii ya tatu nimeiiga kwa vyuo vya Uingereza, ambako kijana anafanya kazi siku nne, ya tano anakwenda chuoni, na mara nyingi mshahara wake hauguswi.

Jioni wamejiandikisha 34. Mkuu wa chuo kafurahi mpaka kaagiza taa mbili za nje.

Kituko cha leo: mama mmoja wa Makorora kasikia "chuo cha jioni", kaja na mjukuu wa miaka saba kashika juzuu. Kwetu pwani ukisema mtoto yuko chuoni, yuko kwa ustadh. Nimeandika upya tangazo la getini: "mafunzo ya ufundi kwa watu wazima".

Ijumaa, 23 Mei

34, 27, 19, 14. Hiyo ndiyo hesabu ya jioni kwa wiki tatu. Wenyewe tunasema Tanga waja leo waondoka leo, lakini sikutarajia daftari la mahudhurio liuchukue msemo huu kama ulivyo.

Kosa la kwanza nililiona siku ya pili. Magharibi inaingia saa 12 na robo. Darasa limeanza saa 11, mwalimu ndiyo kwanza kamaliza kuchora sakiti ubaoni, nusu ya watu wanainuka kwenda kutawadha. Wanarudi saa 12:40, saa 1:30 isha hiyo. Hilo tumelitengeneza kwa kupanga mapumziko yafuate adhana badala ya adhana kukatiza somo. Rahisi.

La pili si rahisi. Nimewapigia simu wote walioacha, mmoja mmoja. Mama wa vitumbua na chapati: jioni ndiyo biashara. Kijana wa bodaboda: jioni ndiyo abiria. Fundi cherehani wa Barabara ya Kumi na Mbili: mchana anakata, jioni ndipo wateja wanakuja kujaribisha. Wawili wanaume wamesema hawakuacha, "wapo njiani". Dada mmoja akaniuliza, kwa upole tu, nani kaniambia kwamba jioni watu hawana kazi. Sikuwa na jibu, maana aliyeniambia ni mimi mwenyewe, mtu wa ofisini anayetoka saa 9:30.

Hao 14 waliobaki, 11 ni waajiriwa wa serikali na wa maduka makubwa. Darasa letu la kujinafasi limewapata wenye nafasi.

Alhamisi, 29 Mei

Asubuhi nimechukua baiskeli hadi soko la samaki la Deep Sea. Sikwenda kutangaza chochote, nilikwenda kuuliza tu.

Saa 1 asubuhi boti za dagaa ndiyo zinaingia. Ndoo zinapokezanwa kichwani kutoka majini, mnadi anapiga kelele, kinamama wamejipanga na beseni zao. Nimemsubiri nahodha mmoja mtu mzima mpaka akamaliza kugawa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba binti. Dagaa wamekwisha."

Nikamweleza nimetoka chuoni, nataka kujua ni saa ngapi vijana wake wanaweza kuja kusoma ufundi wa mashine za boti. Akacheka, akageukia wenzake, wakacheka nao.

"Wewe unahesabu Jumatatu, Jumanne," akasema. "Sisi hatuna Jumatatu. Sisi tuna giza."

Hapo nikakaa kwenye ubavu wa ngalawa, nikatoa daftari. Dagaa wanavuliwa kwa taa. Taa inawaita kwa sababu pembeni yote ni giza. Mwezi ukishakuwa mkubwa bahari nzima ni nyeupe, dagaa wanatawanyika, taa yako inakuwa koroboi juani. Kwa hiyo kuanzia mwezi kumi na mbili hadi kumi na nane hivi, kwa hesabu ya mwezi wa kuandama, boti zinapandishwa. Wanashona nyavu, wanakalafati, wanalala. Siku nyingine zote wako baharini usiku na usingizini mchana.

"Hapo kwenye mbalamwezi ndipo utuite," akasema. "Ukituita kwenye giza unaita mizoga."

Nimemwuliza sasa hivi mwezi una ngapi. Akanitazama kama nimeuliza jina langu mwenyewe.

Jumatano, 4 Juni

Kikao na walimu. Mwalimu wa umeme hataki kusikia: ratiba ni ratiba, hatuwezi kufundisha kwa kutazama angani. Mwalimu wa mashine za boti, aliyezaliwa Sahare, hakusema kitu, ila alitoa simu na kuonyesha lini mwezi mpevu unaangukia. Tarehe 11.

Kilichotuokoa ni mtaala wenyewe. Ufundi stadi hapa nchini unapimwa kwa umahiri, kwa moduli, yaani sehemu moja moja ya somo, na vyeti vina ngazi tatu, ya I hadi ya III. Mwanafunzi anatakiwa aonyeshe anaweza kazi. Hakuna pahala palipoandikwa lazima aioneshe Jumanne. Moduli ya kwanza ya mashine tumeipangia saa 60. Mtu anaweza kuzimaliza kwa wiki mbili au kwa miezi miwili, saa ni zile zile.

Msajili kakubali kwa shingo upande. Mfumo wake wa kompyuta unataka tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza na siku za wiki. "Mwezi hauna kisanduku humu," akaniambia. Tumejaza "Jumatatu hadi Jumamosi" na kumbukumbu ya kweli itakaa kwenye daftari la mkono.

Jumamosi, 14 Juni

Wiki ya mbalamwezi imekwisha. Idd ilikuwa imepita juzi tu, nikahofia hawatakuja. Wamekuja 11, kila siku, saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana. Watu 11 wale wale, siku sita. Jioni sijawahi kuwaona watu wale wale siku mbili mfululizo.

Niandike kilichotokea Jumatano maana sitaki kukisahau. Mwalimu aliipachika mashine ya farasi 15 kwenye pipa la maji, akaiwasha, akawaambia watafute ubovu. Inaunguruma vizuri, ila ule mchirizi mwembamba wa maji unaotakiwa kuruka kwa nyuma unadondoka matone. Wao wanasema mashine "haikojoi". Vijana wakaanza kubishana, huyu plagi, yule kabureta. Mzee mmoja, kimya muda wote, akasogea, akaweka kiganja chini ya kitundu, akakiacha pale kama anayepima homa ya mtoto. Akasema: "Impela. Mapezi mawili yamekatika. Labda matatu."

Mwalimu akazima. Wakafungua mguu wa mashine, boliti moja moja, nyingine imeng'ang'ania kwa chumvi mpaka wakaipaka mafuta na kusubiri. Impela ni kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji ya bahari yapande kupoza mashine. Kikishindwa, mashine inaungua ukiwa katikati ya bahari. Ikatoka. Mapezi sita, mawili yamekatika kwenye shina, la tatu limechanika nusu.

Mwalimu akaiweka juu ya meza, hakusema neno. Mzee akaichukua, akapangusa mchanga kwa kidole gumba, akamwonyesha kijana aliyekuwa anabishia plagi: "Ukiisukuma boti kwenye maji kidogo, huu ndio unaokula." Mchanga.

Baadaye nilimpa fomu. Akaniomba nimsomee, miwani kaiacha nyumbani. Sikumwuliza mara mbili. Mtu huyu hana haja ya saa 60 zote, ana haja ya cheti. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi kwa fundi aliyejifunzia mtaani: anapimwa kwa vitendo, anajaziwa mapengo aliyonayo, anatunukiwa. Jina lake nimeliweka juu ya orodha.

Leo alasiri, nafunga ofisi, kaja mama mmoja wa upande wa Chongoleani, kitenge kimelowa pindoni, miguu ina weupe wa chumvi. Hakukaa.

"Nasikia mume wangu anasoma."

Nikasema ndiyo, na anasoma vizuri.

"Na sisi je?"

Yeye ni mkulima wa mwani. Nikamwambia karibu, wiki ya mbalamwezi ijayo aje naye. Akatikisa kichwa kama anayefundisha mtoto mzito. Mwezi ukiwa mpevu ni bamvua. Bamvua maji yanakupwa mbali, saa 4, saa 5 asubuhi, na hapo ndipo shamba la mwani linaingilika: kufunga mbegu, kukaza kamba, kuvuna. Wiki ambayo mumewe yuko huru ndiyo wiki ambayo yeye yuko majini. Maji yakiwa mafu, bahari haiendi mbali wala hairudi sana, shamba halifikiki. Hapo ndipo ana nafasi.

"Na watoto?" nikamwuliza.

"Akiwa hasafiri anawaangalia yeye. Mimi nikiwa siendi majini nawaangalia mimi. Sisi tulishapanga kabla yenu."

Nimeishi mji huu tangu nizaliwe, na nilikuwa nadhani bamvua ni neno la mashairi.

Alhamisi, 3 Julai

Darasa la maji mafu limeanza Jumatatu. Wanawake tisa. Wamechagua wenyewe: sabuni ya mwani, na hesabu. Mwani mkavu kwa mnunuzi una bei ya mnunuzi; ukishausaga ukautia kwenye sabuni, bei unataja wewe. Hesabu wameiomba wao. Nilikuwa nimepanga "ujasiriamali", neno ambalo kila semina inalileta na kuondoka nalo.

Sabuni ya kwanza imekatika vipande, kostiki soda ilizidi. Ya pili nimeoga nayo. Inatosha kwa sasa.

Jumanne, 8 Julai

Aibu yangu, na niiandike kama ilivyo. Mwezi mpevu ni tarehe 10, basi wiki ya mbalamwezi niliianzisha Jumatatu tarehe 7. Nilikuwa nimetazama mwezi sana mpaka nikasahau kutazama kalenda ya ukutani. Jana ilikuwa Sabasaba.

Saa 2 asubuhi nahodha ananipigia. Wako 12 mbele ya geti lililofungwa. Mlinzi hana ruhusa ya kufungua karakana sikukuu, na mwalimu wa mashine yuko Muheza kwa wakwe. Nikapanda baiskeli na kanga yangu ya nyumbani. Nimewakuta wamekaa chini ya mwembe wa mama lishe wa ng'ambo ya barabara, wanakunywa chai ya rangi. Hakuna aliyelalamika, na hilo liliniuma zaidi. Nahodha akasema tu, "Binti, mwezi umeujua. Sasa rudi ukajifunze kalenda yako."

Chai nililipa mimi. Leo tumeanza.

Jumatatu, 28 Julai

Nafasi ya tatu, ile ya siku moja kwa wiki, inachechemea. Gereji moja ya Chumbageni imewaachia vijana wawili kila Jumatano, na mwenye gereji mwenyewe anapiga simu kuuliza kama wamefika. Wengine watatu wamekataa, na hoja yao si ya kijinga: kijana akipata cheti, ataondoka. Jibu sina. Uanagenzi wa zamani ulimfunga kijana kwa fundi wake miaka mingi. Sisi tunamfungulia mlango bila kumpa fundi kitu mkononi.

Wa zamu za viwandani ndio walionisumbua kichwa. Wiki hii asubuhi, ijayo mchana, ya tatu usiku. Hawafuati jua, mwezi wala maji. Kwao tumeanza masomo ya sauti kwa WhatsApp. Tulijaribu video kwanza. Bando likawa linaisha kabla mwalimu hajamaliza kusalimia. Sauti ya dakika sita ni nyepesi, na mtu anaisikiliza akiwa kwenye baiskeli kurudi Pongwe. Vitendo anakuja kuvifanya Jumamosi yoyote aliyo huru.

Mwalimu wa umeme alikataa kurekodi, akisema umeme hausomwi kwa masikio. Aliyembadilisha ni mwalimu wetu mstaafu, anayekuja kunywa kahawa barazani. Akamkumbusha 1973, kampeni ya Mtu ni Afya: Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilirusha vipindi redioni, vijijini watu wakakaa vikundi kuizunguka redio moja wakiwa na kijitabu na kiongozi wa kikundi, wakisha kusikiliza wanajadiliana, kisha wanainuka kwenda kuchimba choo na kufyeka. Walishiriki watu takriban milioni 2. "Sisi hatukuwa na hiyo simu yako," akamwambia, "na vyoo vilichimbwa."

Mwalimu wa umeme sasa anarekodi. Anaanza kila somo kwa kukohoa mara mbili. Wanafunzi wake wanamwigiza.

Ijumaa, 15 Agosti

Mambo ya fedha, kwa ufupi. Ada ya mhula mzima kwa mkupuo haiwezekani kwa mtu anayelipwa kwa mgao wa ndoo. Tumeruhusu kulipia moduli kwa moduli. Mhasibu hakupenda, kisha akaona wanaolipa kidogo kidogo wanalipa kweli.

Mbalamwezi ya Agosti imepita salama; tuliiruka Nanenane, maana safari hii niliuliza kwanza.

Ushonaji wa Jumamosi kuna binti wa miaka 19 mwenye mtoto wa miezi minane. Aliacha kidato cha pili alipopata ujauzito. Tangu Novemba 2021 wasichana kama yeye wanaruhusiwa kurudi shule, lakini yeye amechagua njia mbadala ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima siku za kazi, na kwetu Jumamosi. Wiki ya kwanza alikuwa anashona huku mtoto amembeba mgongoni, kila akikanyaga pedali mtoto anatikisika na kucheka. Mwalimu wa ushonaji alitaka nimwambie aache mtoto nyumbani. Nikamwuliza nyumbani kwa nani. Sasa tumetandika mkeka kwenye varanda na mama wa jikoni anachungulia. Wameshafika watoto wanne juu ya mkeka ule, na wawili si wa wanafunzi wetu.

Jumatatu, 8 Septemba

Upimaji wa moduli ya kwanza ya mashine ulikuwa juzi Jumamosi. Wavuvi 11 wamepimwa, tisa wamefaulu. Wawili wamekwama kwenye kusoma vipimo, si kwenye kazi. Watarudia sehemu hiyo tu. Mzee wa impela anasubiri kupangiwa siku ya tathmini yake ya urasimishaji. Amenunua miwani.

Darasa la jioni bado lipo, watu 12, watulivu na wanalipa kwa wakati. Sitalifunga. Ila kwenye taarifa kwa mkuu wa chuo nimeacha kuliita moyo wa mradi. Mwalimu wa mashine naye ameomba likizo, na ana haki: wiki za mbalamwezi, za maji mafu na Jumamosi zote zimemwangukia yeye mmoja. Bila msaidizi, Desemba hatufiki.

Jana usiku mwezi ulipatwa. Ulianza kuliwa saa 1:30, saa 2:30 ukawa mwekundu mzima, misikitini wakaswali swala ya kupatwa. Nilikuwa uani naangalia, simu ikaita. Nahodha.

"Binti, giza limeingia katikati ya mbalamwezi. Tutoke au tusitoke?"

Nikamwambia asubuhi ana darasa saa 2.

"Basi nalala," akasema, akakata.

Ratiba ya Oktoba nimebandika leo getini. Darasa la mbalamwezi: Jumatatu tarehe 6 hadi Jumamosi tarehe 11. Darasa la maji mafu: tarehe 13 hadi 17, tukiruka tarehe 14, siku ya Nyerere. Mlinzi nimeshamwambia.